Robota la kilo 200 litabebwa na nani?

"Tuna ekari 30 za nyasi huku Magarini, upande wa mto Sabaki. Nusu ni Boma Rhodes, nusu ni nyasi za kienyeji zilizoota zenyewe. Kila msimu tunalipa vijana wakate kwa panga na kufunga kwa sanduku la mbao, na nyingine zinanyeshewa kabla hatujamaliza. Kuna mtu Nakuru anauza mashine ya zamani ya kufunga marobota ya mviringo, ya mikanda. Bei yake ni karibu nusu ya zile za marobota ya mraba nilizoulizia. Anasema haina neno, ni kuunga trekta na kuingia shambani. Trekta yetu ni Massey Ferguson 240. Jirani ananiambia robota la mviringo halihitaji banda kwa kuwa mvua inateleza juu yake. Je, ninunue? Na hii hewa ya chumvi haitaimaliza?"

Ndugu yangu, humo mna shida mbili. Nyasi zinanyeshewa kabla hazijafungwa, na bei ya mashine inakuvuta. Nitazijibu zote, lakini niruhusu nianze na jambo ambalo hukuuliza, maana ndilo litakaloamua: robota likishatoka kwenye mashine, nani atalinyanyua, na nani atalinunua?

Chukua robota lenye kipenyo cha mita 1.2 na upana wa mita 1.2, ambalo kwa mashine nyingi za aina hii ndilo dogo. Likibanwa vizuri lina kilo 180 hadi 250 za nyasi kavu. Hilo huwezi kuwaambia vijana wawili walibebe. Linataka trekta yenye mikono ya mbele na mkuki wa chuma, au angalau mkuki wa kufunga nyuma. Sasa mteja wako wa Malindi mjini ni nani? Ni mama mwenye mbuzi sita pale Maweni, anayekuja na bodaboda kuchukua robota moja la kilo 15. Ni mwenye ng'ombe watatu wa maziwa anayetuma tuktuk. Ukifikiria kuwauzia wenye punda wa Lamu, mzigo unafika Mokowe, unapakiwa botini, unashushwa gatini, kisha unaingia vichochoroni ukiwa umebebwa na punda mwenyewe. Robota la kilo 200 halipiti huko.

Simaanishi kwamba mashine ya mviringo ni mbaya. Gary Vermeer wa Pella, jimbo la Iowa nchini Marekani, alipoitoa yake mwaka 1971, alikuwa akimtafutia dawa mfugaji asiyepata vibarua: mtu mmoja na trekta yake wafunge, wahamishe na walishe bila mkono kugusa nyasi. Kwa mfugaji yule ilikuwa nafuu kubwa, na mpaka leo ndiyo kazi yake. Kwetu hali ni kinyume. Mikono ipo, vyuma vya kunyanyulia ndivyo havipo. Pengine ndiyo maana mashine hiyo unauziwa bei ya chini kuliko za mraba: kufunga si kazi, kazi ni kuhamisha.

Tuingie ndani ya mashine yenyewe, maana ukiielewa hutababaishwa na rangi mpya. Mbele chini kuna ngoma yenye meno ya springi. Inaokota safu ya nyasi na kuirusha ndani ya chemba, na humo nyasi zinajikunja kama jamvi linavyokunjwa kutoka upande mmoja, zikizidi kunenepa hadi chemba ijae. Dereva anasimama, lakini mashine inaendelea kuzunguka huku kamba au wavu ukilizungushia robota. Kisha mlango wa nyuma unafunguliwa na robota linaanguka. Hapo hakuna fundo linalopigwa, kamba inashikiliwa na mbano wa kule kuzungushwa tu. Kwa jambo hili mashine ya mviringo inaishinda ya mraba waziwazi, kwa kuwa kifaa cha kupiga mafundo cha mashine ya mraba kinataka fundi anayekijua hasa. Kikipotea kipimo kidogo tu, kila robota la tatu linafumuka.

Zipo za aina mbili. Ya kwanza ina chemba isiyobadilika ukubwa, iliyozungukwa na rola za chuma, kama Claas Rollant na baadhi ya Welger za mfululizo wa RP, au cheni zenye vyuma vya kukingama kama Krone za zamani. Robota lake lina moyo laini na nje ngumu. Ya pili ndiyo hiyo uliyoonyeshwa, ya mikanda mirefu ya mpira, inayoanza na chemba ndogo na kupanuka kadiri robota linavyokua, huku springi au haidroliki (nguvu ya mafuta yenye presha) zikiibana muda wote. Robota lake ni gumu kuanzia katikati, zito zaidi, na unaweza kuamua ukubwa wake. Ukiniuliza ipi ya kukaa pwani ikiwa imezeeka, nitasema ya rola. Moyo laini unapumua, na katika unyevu wetu hilo ni jambo kubwa. Pia haina mpira mwingi wa kupasuliwa na jua.

Trekta yako sasa. MF 240 ni trekta nzuri, lakini injini yake ni ya nguvu farasi 50 hivi, na zinazofika kwenye PTO, ile shafti ya nyuma ya trekta inayozungusha mashine, ni zaidi kidogo ya 40. Mashine nyepesi ya rola ya mita 1.2, kwenye shamba la tambarare na safu nyembamba, itaiendesha ikilalamika. Mashine ya mikanda inayotoa robota kubwa inataka 60 na kuendelea. Robota linapokaribia kujaa ndipo linapodai nguvu nyingi, na hapo trekta dogo linapoteza mizunguko, shafti inashuka chini ya zile 540 kwa dakika zinazotakiwa, nyasi zinakwama mlangoni, na dereva anashawishika kushuka kuzivuta kwa mkono. Ajali nyingi mbaya za mashine hizi huanzia hapo hapo.

Angalia pia mambo mawili kwenye trekta kabla ya kumtumia mtu hata shilingi. Klachi iwe ya hatua mbili na ifanye kazi: ukikanyaga nusu, magurudumu yasimame na PTO iendelee. Bila hivyo hutaweza kusimama na kufunga kamba, maana kila ukikanyaga klachi chemba nayo inasimama. Pili, hesabu matundu ya haidroliki nyuma. Mlango wa nyuma hufunguliwa kwa haidroliki, na kwenye nyingi za mikanda ukazaji wa mikanda nao unategemea mafuta hayo hayo. Kuongeza valvu kunawezekana, ila ni gharama ambayo muuzaji wa Nakuru hajakutajia.

Jirani yako ana sehemu ya ukweli. Robota la mviringo lililobanwa vizuri linamwaga mvua kuliko la mraba, na nchi nyingine huachwa nje. Lakini piga hesabu ya duara. Maji yakiingia sentimita 15 tu kutoka nje kwenye robota la mita 1.2, utasema ni ganda jembamba, kumbe ni asilimia 44 ya nyasi zote zilizomo! Karibu nusu ya robota iko kwenye ganda lile la nje. Mvua ya masika ya Mei huku kwetu haiji mara moja ikaisha. Inanyesha, jua linachoma, inanyesha tena, na chini robota linanyonya unyevu wa ardhi. Kwa hiyo banda lazima, au turubai nzuri pamoja na magogo au mawe ya kuinua marobota kutoka chini. Akikubishia, mwombe afungue moja lililolala nje mwezi wa Mei.

Kuna jambo la kukauka ambalo ni zito zaidi kwa robota kubwa. Robota la kilo 15 lililofungwa likiwa na unyevu kidogo litaota ukungu. La kilo 200 lenye unyevu ule ule linaweza kushika moto ndani, kwa kuwa joto la vijidudu vinavyokula nyasi mbichi halina pa kutokea. Kwa hiyo unyevu uwe chini ya asilimia 18, ilhali la mraba dogo linaweza kuvumilia hadi 20. Kama huna kipimo, chukua shina nene ulikwangue kwa ukucha. Likibanduka ngozi, nyasi bado. Shika konzi uisokote: zikikatika kavu bila kuacha ubichi kiganjani, funga. Ukipima adhuhuri, jioni usitegemee kipimo kile cha adhuhuri, upepo wa bahari unarudisha unyevu upesi mno. Marobota mapya yaangalie kwa wiki kadhaa. Chomeka bomba la chuma lenye kipimajoto ndani yake. Likifikia nyuzi 65, liangalie kila saa chache. Likifika 80, usilivute nje mwenyewe, hewa ikiingia linalipuka moto. Ita zimamoto.

Tuseme umenisikiliza kote huko na bado unaitaka, pengine kwa sababu una ahadi ya ranchi iliyo upande wa Galana yenye mitambo ya kunyanyulia, na unaweza kukodi trekta kubwa. Basi nenda Nakuru ukaione ikifanya kazi. Usinunue mashine iliyosimama. Kama si msimu wa nyasi, angalau iungwe trekta, izunguke bure dakika 20, kisha PTO izimwe, injini izimwe, funguo uitie mfukoni mwako, na ndipo uanze kuigusa.

Gusa beringi za rola moja moja, pande zote mbili, na kiganja chako kiwe karibu kabla ya kugusa. Zote ziwe na uvuguvugu unaolingana. Ile ambayo huwezi kuacha mkono juu yake imekwisha. Kisha ingiza mtaimbo chini ya kila rola uiinue kidogo. Ikicheza, ikigonga, au ukaona vumbi jekundu kama kutu iliyosagwa linatoka ukingoni mwa beringi, andika namba ya rola hiyo. Tazama rangi ya chuma cha shafti mahali pale, kwa sababu ikiwa ya buluu au zambarau, beringi iliwahi kupata moto mkali na shafti yenyewe huenda imelika. Funua pia nyasi zilizojisokota kati ya rola na ukuta. Zinajibana, zinakula sili ya beringi (mpira unaoikinga), na siku ya jua kali zinawaka. Mashine nyingi za aina hii huteketea hivyo, kwa beringi moja ambayo hakuna aliyeigusa jioni. Habari njema ni kwamba beringi nyingi zina namba iliyochongwa ukingoni, na kwa namba hiyo unazipata Mombasa bila kujali mashine ni ya kampuni gani. Rola yenyewe ikipinda au shafti ikilika, hapo ndipo utaanza kusaka spea kwa miezi.

Mikanda: ikunje kwa mkono utafute nyufa, tazama kingo kama zimefumuka nyuzi, na uangalie viungio vya waya vinavyoiunganisha. Mikanda iwe na urefu unaokaribiana, tofauti isizidi sentimita tano hivi, la sivyo mfupi unabeba mzigo wote na kuvuta robota upande. Kiungio kilichokatika si mwisho wa dunia. Mkanda hukatwa upya kwa pembe mraba kamili na kuungwa. Ila ukikuta kila mkanda umeungwa hapa na pale, jumlisha bei ya seti nzima kwenye bei ya kununulia kabla hujasema ni rahisi.

Cheni ipime, usiiangalie kwa macho. Cheni namba 80, kwa mfano, ina pingili za inchi 1. Ikaze, pima pingili 12: mpya ni inchi 12 kamili. Ukisoma inchi 12 na robo imechakaa kwa asilimia 2, na meno ya gia zake yatakuwa yamechongoka kama mapezi ya papa. Badilisha vyote pamoja, kwa sababu cheni mpya juu ya gia iliyokwisha haimalizi msimu. Mengine ni ya kupita upesi: meno ya ngoma mangapi yamekatika, kisu cha kamba kina makali, nyufa zilizochomelewa kwenye kifimbo cha kuvutia na kwenye bawaba za mlango, ncha za silinda za haidroliki zenye vidoa vya kutu. Na uliza kisanduku cha umeme kinachokaa karibu na dereva. Mashine ikija bila hicho, hutajua robota limejaa lini wala upande gani uko mtupu.

Kuhusu chumvi, wasiwasi wako ni wa haki. Anayeishi kati ya Mambrui na Gongoni, kunakovunwa chumvi, anajua mabati yanavyokwisha. Adui mkubwa wa mashine hii ni makapi. Vumbi la nyasi linanyonya unyevu wenye chumvi na kuugandamiza kwenye chuma usiku kucha. Kila jioni yafagie makapi hayo au yapulize kwa upepo wa kompresa. Mashine usiioshe kwa maji ya presha, yanapenya sili za beringi na kukaa humo. Grisi itie jioni mashine ikiwa na joto, ili isukume unyevu nje, na cheni zipake oili wakati huo huo. Beringi zilizofungwa zisishindiliwe grisi hadi sili ifumuke. Msimu ukiisha usiache hata konzi ya nyasi ndani ya chemba. Legeza mikanda, ikinge na jua, paka grisi ncha za silinda zilizo wazi, na uiweke bandani mbali na upepo wa bahari. Mashine iliyolala nje bara mara nyingi huwa nzima kuliko iliyolala nje pwani.

Kamba tumia ya katani. Mashamba ya katani yako Vipingo, humu humu Kilifi, na ng'ombe akiimeza haimdhuru kama ya plastiki inayojikusanya tumboni.

Jambo la usalama nalisema bila kupunguza. Atakayekaribia shafti ya PTO asiwe amevaa kikoi, kanzu wala shuka. Kipande cha nguo kikishikwa, mizunguko 540 kwa dakika ni tisa kila sekunde, hakuna muda wa kupiga kelele. Kifuniko cha shafti kikiwa kimevunjika, hicho ndicho cha kwanza kununuliwa, kabla ya mikanda na kabla ya rangi. Nyasi zikikwama, zima kila kitu kwanza. Meno yale yanavuta nyasi haraka kuliko mtu anavyoweza kuziachia. Mlango wa nyuma usiingie chini yake kabla hujaufunga kwa komeo lake. Na robota likitolewa kwenye mteremko, kama huko Marafa, liwekwe upande wake bapa ukitazama chini ya mteremko, lisije likaporomoka juu ya watoto.

Ushauri wangu ni huu: hiyo ya Nakuru iache. Si kwa sababu imezeeka. Ni ya mikanda, trekta yako haiiwezi vizuri, na wateja wako hawalibebi robota lake. Ungekuwa na trekta ya nguvu farasi 70 na mnunuzi mkubwa aliyeandikishana nawe, ningekuambia tafuta ya rola. Kwa hali yako, mashine ya mraba iliyotumika, hata kwa bei maradufu, inaendana na MF 240 na inatoa robota ambalo bodaboda italibeba.

Lakini hata kabla ya hiyo, tazama mahali zinaponyeshewa. Unakata ekari nyingi kwa pamoja, halafu sanduku linafunga polepole. Sanduku la sentimita 85 kwa 55 kwa 45 linatoa robota la kilo 20 hivi, zuri kabisa, ila halikimbii. Pesa ya kwanza ningeitia kwenye mashine ya kukatia na reki ya kugeuza nyasi, ambazo MF 240 inaziendesha bila jasho. Kata tu kiasi unachoweza kufunga ndani ya siku mbili baada ya kukauka, ongeza masanduku mawili matatu, na kwa msimu mmoja ukodi mtu mwenye mashine ya mraba akufungie ekari kumi. Utajua nyasi zako zinatoa marobota mangapi kwa ekari, na wateja wanalipa nini, kabla ya kufunga pesa kwenye chuma. Maofisa wa KALRO, shirika la utafiti wa kilimo na mifugo, pale Mtwapa wanaweza kukuelekeza kuhusu nyasi zenyewe na wakati wa kukata. Nyasi zikiachwa zikakomaa kupita kiasi, mashine yoyote itafunga mabua tu.

Na kama utasafiri kuikagua mashine yoyote, usiende peke yako wala na fundi wa magari. Tafuta fundi aliyezifungua mashine za kufunga nyasi, anapatikana Nakuru kwenyewe au Eldoret, umlipe siku yake, na awe wako, si wa muuzaji. Nyufa za fremu, rola iliyopinda na pampu ya haidroliki iliyochoka sitaweza kukusaidia kuvijua kwa maandishi. Bomba la haidroliki likivuja kwa tundu dogo, litafute kwa kipande cha katoni, kamwe si kwa kidole. Mafuta yale yana presha ya kutoboa ngozi, na jeraha lake linaonekana dogo kama la sindano huku likioza ndani. Mtu akichomwa nayo apelekwe hospitali saa ile ile, hata kama hasikii maumivu, na daktari aambiwe wazi kwamba ni mafuta ya haidroliki yaliyoingia.